Darubini ya Burma na Mkoba Wake

Kwetu Kabras mzee akizikwa Jumamosi, watu hurudi Jumanne kunyolewa nywele, na siku hiyo ndipo vitu vya marehemu hugawanywa mbele ya ukoo mzima. Fimbo inajulikana inakwenda kwa nani. Kigoda vilevile, hata koti. Vitu vyote vya babu vilikuwa na wenyewe isipokuwa kimoja, nacho ni darubini yake ya Burma. Na kwa sababu ya mdomo wangu, darubini hiyo nusura imfanye nyanya yangu aape uongo mbele ya kaburi la mumewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijatimiza miaka thelathini, na nilidhani kusoma kwangu kunanipa ruhusa ya kusema popote. Hata leo siuamini sana ulimi wangu, lakini siku hizo haukuwa na breki kabisa.

Darubini yenyewe ilikaa ukutani kwa nyanya, ikining'inia kwenye msumari juu ya kiti cha babu, ndani ya mkoba mgumu wa ngozi uliofungwa kwa mkanda. Babu alikuwa askari kwenye vita vya Burma. Hadithi tuliyokuzwa nayo ni kwamba alimnyang'anya afisa wa Kijapani darubini hiyo mkononi, msituni, mvua ikinyesha, akarudi nayo nyumbani begani. Kuitazama ilikuwa siku ya Krismasi peke yake. Babu aliitoa mwenyewe, akatusimamisha foleni uani, kila mtoto akachungulia mashamba ya miwa na moshi wa kiwanda kule mbali, kisha akairudisha. Ushahidi wa hadithi ulikuwa wazi kwa kila mtu, kwa sababu kwenye chuma chake paliandikwa JAPAN. Herufi hizo tano ndizo za kwanza nilizosoma maishani mwangu, kabla hata ya kwenda shule.

Sasa, mila yetu inasema hivi. Kitu alichokipata mume kabla ya kuoa mke wa pili ni cha nyumba kubwa, hakuna mjadala. Alichokipata baada ya hapo kinaweza kwenda nyumba yoyote, na wazee ndio wanaoamua. Nyanya aliolewa kabla ya vita. Mke mwenzake aliolewa miaka kadhaa baada ya babu kurudi, na alikuwa amefariki nikiwa sekondari, akaacha mtoto mmoja wa kiume, ambaye kwetu ni baba mdogo. Kwa upande wa nyanya, baba yangu alikuwa ametangulia, shangazi wameolewa mbali, na msemaji wa nyumba kubwa nikabaki mimi. Hakuna aliyenichagua.

Jumapili, siku moja baada ya mazishi, wazee walikaa chini ya turubai ambalo halijashushwa, wakipanga mambo ya Jumanne. Walipofika kwenye darubini, mzee wa ukoo, binamu yake babu, akasema kwamba hiyo ni ya vita, kwa hivyo inabaki kwa mama mkubwa. Baba mdogo akainua mkono. Ni mtu mpole, fundi wa baisikeli, hajui kupayuka.

"Mama yangu aliniambia darubini hiyo ni ya nyumba yetu," akasema. "Hakunieleza kwa nini. Lakini mama yangu hakuwa mwongo."

Hasira zikanipanda hadi puani. "Kwa hivyo mwongo ni kukhu?" nikauliza. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya.

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Baba mdogo alinitazama kwa huzuni, si kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Mzee wa ukoo akamgeukia nyanya, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na leso begani, akamuuliza kama yuko tayari kuapa.

"Jumanne nitaishika," nyanya akasema, "na nitasema ninachokijua."

Basi ningenyamaza hapo. Lakini wapi. Nikasimama nikawaambia wazee kwamba hatuna haja ya kubishana kama watu wasiosoma, kwamba vitu vya kizungu vina alama za mwaka, na kwamba kesho mimi mwenyewe nitaipeleka darubini kwa mtu anayezijua, niwaletee umri wake. Mzee wa ukoo akatikisa kichwa taratibu. "Vizuri, mwalimu. Jumanne utasema wewe kwanza, halafu mama ataapa juu ya maneno yako."

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Kwetu kiapo si mchezo. Anayeapa hushika kitu chenyewe kwa mikono miwili akilitazama kaburi, na kiapo cha uongo hakimpigi aliyeapa. Huwapiga watoto wake na wajukuu wake. Nyanya alikuwa amezika mtoto wake wa pekee wa kiume, na hakuna alichokiogopa duniani kama hicho.

Jioni hiyo nilichukua darubini nikaisugua kwa jivu na limau kama ninavyosugua sufuria, ili maandishi yaonekane vizuri. Nilisugua mpaka rangi nyeusi ikabanduka na shaba ikang'aa kwenye pembe. Nilijisifu kweli kweli.

Jumatatu asubuhi nilishuka kwenye barabara ya Webuye nikatembea hadi ukingo wa msitu wa Kakamega, mkoba begani. Pale palikuwa na mtu aliyekuwa akiwatembeza wageni kuwaonyesha ndege. Darubini zilikuwa jembe lake. Alizirekebisha zilizoharibika, na wageni waliporudi kwao walimwachia vitabu vya kuzieleza. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai, anakula mahamri. Nilimweleza shida yangu kwa haraka, na nadhani kwa majivuno, nikamwekea mkoba mezani.

Hakuigusa darubini kwanza. Aliutazama mkoba. Akaugeuza, akanusa ngozi, akafungua kifuniko na kuinama kuchungulia upande wa ndani, mahali ambapo mimi maisha yangu yote sikuwahi kuangalia.

"Huu ni wa jeshi la Mwingereza," akasema. "Unaona huu mshale mdogo? Hiyo ndiyo alama yao. Na hapa chini kuna mwaka. Ni mwaka wa katikati ya vita."

Nilitaka kumkumbatia. Nilishaona uso wa baba mdogo akisomewa mwaka huo.

Kisha akaitoa darubini. Akaona nilivyoisugua, akafunga macho kidogo kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Nani ameifanya hivi?"

"Mimi."

"Pole. Thamani yote ya nje umeioshea kwenye karai." Akaiinamisha kwenye mwanga, huku na huku. "Njoo uone kioo. Unaona hiyo rangi ya bluu inayokimbia juu yake? Hiyo ni dawa ya kupunguza mng'ao. Darubini za watu wa kawaida hazikupakwa hiyo wakati wa vita. Ilikuja kuenea baadaye."

"Lakini ni ya Mjapani," nikasema. "Soma hapo. Imeandikwa."

Akanitazama, na nikaona anatafuta njia ya kusema bila kuniumiza. "Mwalimu, jeshi la Japani lingeandika jina la nchi yake kwa Kiingereza, kwenye kitu cha afisa wake? Ili asome nani? Hii iliandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Ilitengenezwa kwenda kuuzwa kwa wazungu, dukani. Na ni miaka kumi baada ya vita, pengine zaidi. Karibu na uhuru."

Niliisogeza chai yangu kando. Herufi tano nilizozisoma kwa kidole, nikiwa nimepakatwa na babu mwenyewe, ndizo zilizokuwa zinamsuta.

"Hata haitoshi humu," yule bwana akaendelea. "Angalia inavyocheza. Mkoba ulitengenezewa nyingine, kubwa zaidi." Akaingiza mkono hadi chini akavuta kitu kilichokuwa kimekandamizwa huko kwa miaka, kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Alikikunjua. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha mwanamke, cha kijani, chenye maua meupe. Mahali palipokunjwa palikuwa pamefifia, lakini maua yalikuwa bado yanaonekana.

Nilikitambua. Kwenye picha moja tu ya mke wa pili wa babu, ile inayokaa sebuleni kwa baba mdogo, ndicho alichojifunga. Picha haina rangi, lakini maua yale ni makubwa na huwezi kuyakosea.

Nilimuuliza yule bwana, kwa sauti ndogo, kama vina thamani. Akasema kama mkoba na darubini vingekuwa vimezaliwa pamoja, labda mtu wa kukusanya vitu vya kale angevitamani. Hivi vilivyo, kila kimoja ni kama kiatu cha mguu mmoja. Akanirudishia, akanikunjia kitambaa vizuri, na akakataa nimlipie chai yake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namkasirikia babu. Nilimkasirikia marehemu aliyezikwa juzi, Mungu anisamehe. Kama hakumnyang'anya Mjapani yeyote, basi hadithi yote ya Krismasi ilikuwa ya nini? Halafu nikajikasirikia mimi, kwa sababu hakuna aliyeniomba mwaka. Sasa ukoo mzima ulikuwa unausubiri. Nikisema ukweli, nyanya anaaibika mbele ya mtoto wa mke mwenzake, yeye na ndoa yake na miaka yote aliyomngojea mtu wa vita. Nikisema uongo, nyanya anaapa juu ya uongo wangu.

Nilimkuta anachambua kunde mlangoni. Nikakaa karibu naye, nikachukua majani kadhaa, nikajitia kusaidia.

"Kukhu, nimefika msituni."

"Nimekuona ukirudi."

"Yule mtu amesema..."

Akaniwekea kiganja chenye udongo juu ya goti. "Usiniambie. Anayeapa hazungumzi na shahidi. Utasema kesho, mbele ya watu, na mimi nitasikia na watu."

"Lakini ni jambo la kujua kabla, kukhu."

"Nina miaka mingi ya kujua," akasema, akaendelea na kunde zake. "Weka mkoba ukutani."

Sikulielewa jibu hilo. Nilidhani ni uchovu wa msiba. Nilirudisha mkoba kwenye msumari, kitambaa nikakirudisha chini kama kilivyokuwa. Niliogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba naogopa.

Jumanne watu walijaa. Tulinyolewa tangu asubuhi, wembe mmoja baada ya mwingine, nywele zikaanguka kwenye nyasi. Wazee wakakaa upande wa kaburi, ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Waliodaiwa na marehemu wakajitaja, waliomdai wakajitaja, wakasameheana. Koti likaenda, kigoda kikaenda. Kisha mzee wa ukoo akaagiza mkoba uletwe, ukawekwa kwenye kiti kitupu cha babu.

"Mwalimu," akasema. "Ulituahidi mwaka."

Nilisimama. Kichwa kilichonyolewa kinahisi upepo vibaya, na nilikihisi kila sehemu. Baba mdogo alikuwa ameketi mbele, mikono kati ya magoti, ananisikiliza kwa adabu kama mzazi siku ya matokeo. Nyanya alikuwa kwenye mkeka wake. Hakunitazama.

Nikafungua kifuniko, nikakigeuza upande wa ndani kuelekea kwa wazee. "Mwaka ni huu hapa," nikasema. "Umegongwa kwenye ngozi, na mshale wa jeshi juu yake. Anayejua kusoma aje asome."

Mzee wa ukoo akavaa miwani, akasoma, akautaja mwaka kwa sauti. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mtu mmoja akasema kwamba babu alikuwa Burma mwaka huo huo. Baba mdogo naye akaja, akainama, akasoma taratibu, akagusa zile tarakimu kwa kidole chenye weusi wa grisi. Kisha akanyooka.

"Basi nimekosea," akasema. "Mama atakuwa alichanganya mambo. Naomba msamaha kwa mama mkubwa."

Sikuwa nimetamka neno moja la uongo, na nilijua nimedanganya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na babu.

"Mama," mzee wa ukoo akamwambia nyanya, "umesikia. Shika, uape, tumalize."

Nyanya aliinuka kwa shida, nikaenda kumshika mkono, akaukataa. Akatembea mwenyewe hadi kwenye kiti. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo ashike mkoba tu, ngozi tu, aape juu ya ngozi, labda kiapo kingepita pembeni. Akauchukua mkoba kwa mikono miwili, akaligeukia kaburi.

Kisha akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, huo uliousoma ni mwaka wa mkoba. Mwaka wa darubini ni upi?"

Watu wote walinitazama. "Ni wa baadaye, kukhu," nikasema. "Karibu na uhuru."

Minong'ono ikaanza, mzee wa ukoo akainua fimbo, ikakoma.

"Sasa nitaapa," nyanya akasema. Aliongea akilitazama kaburi, si sisi, kama mke anayemkumbusha mumewe jambo la nyumbani. "Siku uliporudi, mimi ndiye niliyekuvua mkoba huu begani. Niliupokea hivi, kwa mikono hii. Ulikuwa mtupu. Nilijua kabla sijauweka chini. Ulikuwa umeshawaambia wanaume njiani kwamba una darubini ya Mjapani, nikaona macho yako, nikautundika juu kabisa, nikawaambia watu kwamba askari amekataza usiguswe. Miaka yote hiyo haukuguswa. Hiyo ndiyo niliyoijua, na naapa."

Akapumua. Akaingiza mkono, akaitoa darubini, kisha akatoa kitambaa bila kutafuta, kama anayechukua kitu alichokiweka mwenyewe.

"Halafu serikali mpya ikaja, wakaitwa askari wote wa zamani waende uwanjani na vitu vyao vya vita. Ukaugua ghafla. Mwenzangu alikuwa akifanya kazi ya kuchuma kahawa kwa mzungu kule Kitale, na mzungu huyo alikuwa anauza vyombo ili arudi kwao. Mwenzangu akauza mbuzi wake wawili akainunua hii. Akaja nayo ndani ya kikapu cha viazi, akaitia kwenye mkoba ukiwa umelala, na ilipocheza akajifungua kitambaa akaikazia. Mimi nilikuwa mlangoni. Tulitazamana. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye, hadi alipokufa. Asubuhi ulipoukuta mzito ulipona, ukaenda uwanjani. Hiyo nayo niliiona, na naapa."

Baba mdogo alikuwa amesimama, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. Nyanya alimwendea, akamwekea darubini mkononi, na juu yake akaweka kitambaa cha kijani. "Mama yako hakuchanganya," akamwambia. "Hii ni ya nyumba yenu. Alimsitiri mume wetu kuliko mimi."

Mzee wa ukoo akasema tu kwamba mkoba ni wa kabla ya mke wa pili, kwa hivyo unabaki nyumba kubwa, na watu wakainuka kwenda kula.

Nilimfuata nyanya ndani nikapiga magoti. Nilimwambia nimemdanganya mbele ya watu, nimeyaweka maisha ya wadogo zangu hatarini, na kwamba sistahili kuitwa mwalimu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno.

"Ulitaka kunisitiri," akasema. "Nyumba hii inajua kazi hiyo. Lakini imetosha sasa. Mwenyewe amekufa."

Akanipa mkoba niutundike mahali pake. Niliunyanyua kwa nguvu niliyozoea tangu utotoni, na mikono ikaruka juu kuliko nilivyotaka, kwa sababu haukuwa na kitu ndani. Nyanya alikuwa ananitazama. Nikaushika vizuri, polepole, nikautundika.